Siku Tuliyosoma Pua za Mitamba

Siku tano za wiki mimi ni mwalimu wa fizikia, mama wa makamo mwenye vumbi la chaki kwenye sweta. Jumamosi saa nne asubuhi napanda ngazi za duka moja la viatu mjini Nyeri, naingia kwenye chumba kisicho na dirisha, navaa hedifoni zilizovaliwa na watu wengi kuliko ninavyopenda kufikiri, taa nyekundu inawaka, na ninaambiwa nina dakika kumi za kuwaeleza wasikilizaji habari za sayansi na teknolojia. Dakika kumi! Wiki nzima watu wamerusha roketi ikapaa, ikarudi, ikasimama wima ilipotakiwa. Akili unde, yaani kompyuta inayofikiri, imetunga hotuba ya harusi. Madaktari wamempandikiza mtu figo ya nguruwe. Na mimi nina dakika kumi, mbili kati yake zikiwa za tangazo la mbolea.

Sijui wengine hufurahia nini duniani. Mimi hufurahia habari hizo mpaka naunguza mboga. Nikisoma kwamba darubini fulani imeona nyota zilizokuwepo kabla jua letu halijazaliwa, natafuta mtu wa kumwambia, na nikimkosa mtu naliambia jiko. Mume wangu alishazoea. Huitikia "eh" kutoka chumba kingine bila kuuliza ni nini.

Redio yetu ni ndogo. Hutangaza kwa Kiswahili kwa sababu watu wa mjini wametoka kila upande, na sauti yake siku mbaya huishia Ruring'u ninakoishi. Siku nzuri hupanda mpaka kijijini kwa mama yangu, ambako yeye huweka redio dirishani, akaielekeza mjini, akaketi karibu nayo na kikombe cha chai. Kipindi kikiisha, kabla sijafika chini ya ngazi, simu inalia. Hasalimii. Anaanza uchambuzi.

Mama na mimi huongea Gikuyu, lakini Kiswahili cha sokoni anakimudu vizuri, na hapa nitamwacha aongee hicho. Mimi ni binti yake wa pili, nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo huniita maitu, yaani mama yangu, hata anaponigombeza.

"Maitu, hiyo gari haina dereva," alisema siku moja. "Ikigonga kondoo ya mtu, nani atashuka aseme pole?"

Juu ya roketi alisema, "Imeenda juu ikarudi pale pale? Sasa ilikuwa imetumwa nini?"

Juu ya akili unde nilimweleza kwa muda mrefu, kwa mifano, kwa sauti ya kubembeleza, na yeye akasikiliza mpaka mwisho. "Ati inajua kila kitu," akasema. "Iko na shamba?"

Nilianza kuyasoma maneno yake hewani wiki iliyofuata, nikimwita mchambuzi wetu wa milimani, na ole wangu. Watu waliacha kuniuliza habari za nyota. Muuza vitunguu, mlinzi wa benki, hata mwalimu mkuu, wote waliniuliza kitu kimoja: mama amesema nini? Niliona wivu, sitaficha. Mimi ndiye nina shahada.

Basi mwaka jana Mama alikubali kwamba ana ukungu kidogo kwenye jicho. Kidogo tu, alisema, ule wa asubuhi. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa anapika, anakamua, anaenda kanisani kwa miguu yake na kurudi. Daktari wa macho mjini alimtazama akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na afadhali upasuaji ufanyike mapema. Walifanya jicho moja, wakangoja, wakafanya la pili. Mama akakaa kwangu Ruring'u wiki tano. Mimi nilichanganyikiwa kwa furaha. Lenzi ya mtu ikichafuka inatolewa, inawekwa nyingine ndogo kuliko punje ya hindi, na mtu anaenda nyumbani siku hiyo hiyo akidai chai! Nilitangaza jambo hilo Jumamosi mbili mfululizo.

Asubuhi bandeji ya pili ilipotolewa, alisimama nje ya mlango wangu akatazama upande wa Mlima Kenya, ambao siku hiyo ulikuwa umejitoa wote. "Kumbe iko na meno hivi," alisema. Kisha akageuka akaingia ndani, akatazama rafu, akatazama pazia, akapitisha kidole juu ya televisheni. "Maitu, hii nyumba haijaoshwa." Mwisho akanitazama mimi usoni, akasogea, akanitazama tena. "Na wewe umezeeka," akasema, na akaenda zake jikoni akiwa na furaha tele.

Daktari alitoa masharti: asiiname, asikae kwenye moshi, avae miwani myeusi nje, na asishike ng'ombe kwa muda, maana uchafu ukiingia jichoni kazi yote inaharibika. Mimi ni mtu wa sayansi. Masharti hayo niliyaandika, nikayabandika ukutani, na nikayalinda kwa ukali kuliko polisi wa trafiki, hata huko kijijini, ambako nilimwajiri kijana wa kulisha ng'ombe na kukamua.

Sasa ng'ombe. Mama alikuwa na mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na huyo ndiye alikuwa tumaini lake lote, maana ng'ombe wake mzee alikuwa anaelekea mwisho wa maziwa. Alipokuja kwangu alimwacha kwa jirani. Huyo jirani mimi humwita Tata, shangazi, ingawa hatuna damu moja. Aliolewa mwaka ule ule alioolewa Mama, kwenye shamba linalopakana na letu, na tangu hapo wawili hao wamebeba kuni pamoja, wamezaa kwa zamu, wamezika waume zao, na wameimba sauti ya pili kwenye kwaya wakiwa benchi moja. Huitana Rika. Tata naye alikuwa na mtamba wake, aliyezaliwa wiki moja na wa Mama, wote wawili weusi wenye madoa meupe, kwa kuwa baba yao ni mmoja: fahali ambaye hakuna mtu kijijini amewahi kumwona, aliyefika kama mbegu ndani ya mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki. Hereni za plastiki za masikioni wote wawili walishazipoteza kwenye ua.

Nilimrudisha Mama nyumbani Jumamosi moja jioni. Tata alikuwa ametusubiri. Alimleta mtamba wa Mama kwa kamba, amesuguliwa, tumbo limejaa, Tata mwenyewe akitabasamu mpaka fizi. Nilimsimamisha Mama hatua tatu mbali, kama masharti yalivyotaka. Akavua miwani. Akatazama. Akatazama kwa muda mrefu hata nikaanza kuona haya.

"Hii si yangu," akasema.

Tata alicheka.

"Yangu iko na nyota kidogo hapa kwa uso," Mama akaendelea, akigusa paji lake mwenyewe. "Hii iko na alama inashuka mpaka kwa pua. Yangu ni ile." Na akanyoosha kidole juu ya ua, kwenye zizi la Tata, ambako mtamba mwingine mwenye nyota ndogo alikuwa anatafuna bila habari.

"Rika," Tata akasema, naye alikuwa ameacha kucheka, "nimelisha hii ng'ombe wiki tano."

"Umelisha, na asante. Lakini si yangu."

Lau ingekuwa saa nyingine! Lakini ilikuwa saa ya kupeleka maziwa, barabara imejaa watu wenye mitungi, na watu wa kwetu wakisikia sauti imepanda hupunguza mwendo bila kusimama kabisa, ndiyo adabu yetu. Tata alitazama barabarani, akamtazama Mama. Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, kisha akaufunga. Alimfunga mtamba kwenye mti wa ua wetu, akarudi kwake. Kabla lori la maziwa halijaondoka, kijiji kizima kilishajua kwamba Tata amebadilisha ng'ombe ya rafiki yake, huyo rafiki akiwa hospitalini.

Kesho yake kanisani Tata alikaa benchi ya nyuma. Kwaya ikabaki na sauti mbili za pili, moja mbele na moja nyuma, zikikimbizana wimbo mzima, na mwalimu wa kwaya akipiga mikono hewani kama anayefukuza nyuki.

Nilijaribu kuongea na Mama. Alinijibu kwamba macho amenunuliwa na mimi mwenyewe, sasa kwa nini nataka asiyatumie? Nilijaribu kuuliza majirani. Wote waliniambia hawakuwahi kuwatofautisha wale wawili, na hata kama ni uongo, ulikuwa uongo wa busara, maana nani anataka kuingia kati ya wajane wawili? Na Jumamosi iliyofuata nilitangaza habari nzuri ajabu, mdudu wa chuma mdogo kuliko nzi, anaruka mwenyewe, nikashuka ngazi simu mkononi. Haikulia. Nilisimama mbele ya duka la viatu nikiitazama. Wiki ya pili pia kimya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama mgomvi namfahamu, lakini Mama asiye na maoni juu ya nzi wa chuma alikuwa mtu anayeugua, na nilijua ugonjwa wake unaishi upande wa pili wa ua.

Wiki ya tatu nikapata habari ya pua.

Nilikuwa naitafuta bila kujua. Kumbe ngozi ya pua ya ng'ombe, pale mbele panapokuwa na unyevu, ina vijistari na vinundu kama alama za kidole cha mtu, na haibadiliki toka udogoni, na hakuna pua mbili zinazofanana. Unampiga ng'ombe picha ya pua kwa simu, na programu inakuambia huyu ni fulani wa fulani. Sikuwa nimemaliza kueleza hewani nilipokumbuka kitu, nikapiga meza mpaka fundi mitambo akaruka. Afisa wa mifugo wa chama cha maziwa cha kwetu alipita mwaka uliotangulia akipiga ndama wote picha za pua! Nilikuwepo! Nilidhani anacheza! "Hata kwetu!" nilipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Pua zetu ziko ndani!" Tangazo la mbolea liliingia katikati ya neno.

Simu ililia nikiwa bado na hedifoni.

"Hiyo mashine ya pua," Mama akasema. "Ilete."

Sijafika chini ya ngazi, ikalia tena. Ilikuwa Tata, ambaye katika maisha yake alikuwa amenipigia mara mbili, zote za matanga.

"Mwarimu, hiyo maneno ya pua ni ya ukweli?"

"Ni kweli, Tata."

"Basi kuja nayo. Nimechoka kuangaliwa na watu kama mwizi."

Afisa wa mifugo, ambaye watu wote humwita daktari, alikubali mara moja. Alikuwa mtu mzima mpole aliyekuwa amebeba programu ile mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuiomba, na sasa aliongea nami kwenye simu kwa sauti ya bwana harusi. Aliwapigia Mama na Tata, kila mmoja kwa wakati wake, akawaambia jambo moja: Jumamosi mchana wahakikishe mnyama yuko tayari kupigwa picha.

Hapo ndipo tulipopotea, na ili mtu aelewe lazima nieleze habari ya mafuta. Kwetu kuna baridi, na baridi huifanya ngozi kuwa na majivu. Mtoto akitoka nyumbani na magoti meupe, si yeye anayesemwa, ni mama yake. Kwa hiyo kila dirisha la jikoni lina kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe, na kutoka kopo hilo tulipakwa sote kabla ya kanisa, kabla ya shule, kabla ya kuchanjwa. Na kabla ya picha, basi, tulipakwa mara mbili. Picha yangu ya kitambulisho uso unang'aa mpaka karani aliniuliza kama nina homa. Mtu wa kwetu akiambiwa awe tayari kupigwa picha, hajiulizi maana yake ni nini. Anachukua kopo.

Nilifika moja kwa moja kutoka redioni. Kijiji kilikuwa kimejaa uani kwetu. Kulikuwa na mama amekuja na chupa za chai, kulikuwa na wazee wameketi kwenye mitungi ya maziwa, na kuna mtu alikuwa amevaa suti. Mama alisimama upande mmoja, miwani yake myeusi usoni kama mlinzi wa mheshimiwa, hatua tatu kutoka kwa mtamba mwenye alama ndefu aliyeshikwa kamba na kijana wa kukamua. Tata alisimama upande wa pili na yule mwenye nyota. Hawakutazamana. Mitamba wenyewe walikuwa wamesuguliwa hata madoa meupe yakawa bluu kidogo, na wa Tata kwato zake zilikuwa zinameta. Nilidhani ni maji.

Daktari alitoa simu, akakohoa, akapiga picha pua ya kwanza. Tulingoja. Simu ilisema picha haifai. Akapiga tena, akisogea, akijipinda. Simu ikafikiri, ikazungusha kile kiduara chake, kisha ikatoa jibu, na daktari akalisoma kwa sauti kabla hajalielewa: ni fahali, wa mzee fulani wa mlima wa pili.

"Huyo fahali tulikula Krismasi," mtu akasema kutoka nyuma.

Watu waliangua kicheko. Daktari akahamia kwa mtamba wa pili, akapiga picha, simu ikatuambia huyu ni fahali yule yule. Akarudi kwa wa kwanza, akampiga picha upande wa kivuli. Simu ikasema wote wawili ni mnyama mmoja.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mtungi alisimama ili aelewe vizuri. "Kwa hivyo hapa kuna ng'ombe moja," alisema polepole, "na ni sisi tunaona mbili."

Kicheko kilivunja uwanja. Mwenye suti alilazimika kushikilia ua. Mimi nilikuwa nimeiva kwa hasira na aibu. Niliongea juu ya mwangaza, juu ya kamera, juu ya wingi wa data, mambo ambayo hata mimi sikuyasikia, na katika kuongea nikaweka kidole kwenye pua ya mtamba wa upande wa Mama ili nionyeshe vijistari. Kidole kikateleza mpaka shavuni. Nilikitazama. Nilikinusa.

"Nani amempaka huyu mafuta?" Kijana aliyeshika kamba akamtazama Mama.

"Ulitaka apigwe picha akiwa mkavu?" Mama akafoka.

Lakini hakufoka peke yake. Upande wa pili, kwa sauti ile ile, wakati ule ule, Tata alikuwa amesema, "Angepigwa akiwa mkavu?" Sauti mbili za pili, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne, zimeingia pamoja bila mwalimu wa kwaya. Wote wawili walishtuka. Mama akageuka kutazama migomba, Tata akatazama kwato zinazometa, na niliona mdomo wa Tata unatetemeka, akiuma shavu kwa ndani. Nilimpenda sana wakati huo.

Ikawa kazi ya kuosha. Maji ya moto yakaletwa, sabuni ya kipande, vitambaa. Usiombe kumwosha ng'ombe pua kwa sabuni. Mitamba walipiga chafya, walilamba povu, walirusha vichwa, daktari alilowa mpaka soksi, na kila pua ilipokauka ulimi ulitoka ukailowesha upya, na watu wakapiga makofi kila ulimi ulipotoka. Mwishowe watu wanne walishika vichwa viwili, daktari akapangusa, akapiga haraka, pua ya kwanza, pua ya pili. Kiduara kikazunguka. Hata wenye chai waliacha kumimina.

Mwenye alama ndefu alikuwa wa Mama. Mwenye nyota alikuwa wa Tata. Daktari alirudia mara tatu, na mara zote simu ilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa nimengoja wiki nzima kushangilia. Sikushangilia. Mashine ilikuwa sawa, mimi nilikuwa sawa, redio ilikuwa sawa, na mama yangu alikuwa amesimama katikati ya watu akiwa amemsingizia rafiki yake. Nilitamani simu ile ianguke kwenye ndoo.

"Lakini mtu anaweza kosa kujua ng'ombe yake aje?" akauliza mama mmoja, bila ubaya, kwa sababu kweli lilikuwa swali.

"Ni mimi," Tata akajibu haraka, kabla Mama hajapumua. "Nilimpea majani mingi sana. Alinenepa, alama ikavutika ikashuka."

Alama haivutiki. Mwalimu ndani yangu alifungua mdomo amsahihishe, na namshukuru Mungu niliufunga.

"Rika, wacha," Mama akasema. Alivua miwani. "Hiyo si ukweli na unajua. Mimi nilikuwa sioni. Si ukungu kidogo. Nilikuwa sioni kabisa, ni rangi na kivuli tu, miaka mbili na zaidi; hata hiyo nyota nilisikia tu watu wakiitaja, kumbe walikuwa wanasema yako." Akanigeukia. "Hata wewe, maitu, nilikudanganya. Ungenitoa hapa unipeleke kwako."

Na ni kweli, ningemtoa. Mimi mwenye shahada sikuwa nimeona kitu.

Mama akaanza kutembea kuelekea kwa mtamba. Nilipiga kelele, "Mama, daktari wa macho alisema usishike—"

"Hiyo daktari hana ng'ombe hapa."

Akafumba macho. Akaweka mikono yote miwili kwenye shingo ya mtamba, akaipandisha mpaka nyuma ya sikio, akapata pale hereni ilipokatika, akashuka taratibu mpaka kwenye taya, akapata kinundu nisichokijua, akakizungusha kwa kidole gumba. Uso wake wote ulilegea. "Ni yeye," akasema, bado amefumba macho. "Ni yeye, jamani." Mkono ulikuwa unamjua siku zote. Mimi ndiye niliyeukataza kugusa, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, na kama ningemwacha dakika moja tu siku ile ya kwanza, kusingekuwa na wiki nne za benchi ya nyuma. Nililia bila kujificha.

Mama alifungua macho akamtafuta Tata.

"Rika, nilikukosea mbele ya watu, na ni mbele ya watu nasema. Ulijua sioni?"

"Nilijua."

Ndipo na sisi wengine tulipoelewa. Kwa wiki nne Tata alikuwa na neno moja la kumsafisha jina, kwamba Mama alikuwa haoni, na angelisema siku ile ile mbele ya mitungi yote ya maziwa, na kesi ingeisha. Hakulisema. Alichagua kuitwa mwizi.

"Ulijua tangu lini?" Mama akauliza.

Tata alitutazama sisi sote, akasitasita. Kisha mdomo ukaanza kutetemeka tena.

"Tangu ile siku ulipita kwangu ukasalimia mgomba."

"Ati nini?"

"Ulisimama kwa shamba yangu ukasalimia mgomba. Ukauliza habari ya watoto. Ukangoja ijibu. Mimi nilikuwa huko nyuma ya jiko, nikaona utaaibika ukijua, nikakuitikia kutoka huko."

Mama alifikiri. Uwanja mzima ulishika pumzi na mbavu.

"Ile siku," Mama akasema, "nilikusifu nguo."

"Ya kijani."

"Nikakuambia imekukaa vizuri."

"Ulisema hivyo," Tata akajibu, machozi yakishuka juu ya mafuta. "Na nikasema asante."